Nani Ameshika Saa?

Tarehe 13 Juni 2023 Guinness World Records walitangaza kwamba mpishi wa Nigeria, Hilda Baci, amevunja rekodi ya dunia kwa kupika saa 93 na dakika 11. Ilikuwa habari njema, lakini kwa sisi tuliomfuatilia mwezi mmoja kabla ilikuja na kitendawili ndani yake. Tulikuwa tumemwona akipika saa 100. Umati ulishangilia saa ya mia ilipotimia, wakacheza, wakalia. Karibu saa saba zilikuwa zimekwenda wapi?

Maelezo ya Guinness yalikuwa mafupi. Kanuni ya mashindano ya aina hii ni kwamba kila saa moja unayoikamilisha inakupa dakika tano za kupumzika. Unaweza kuzilimbikiza, ukazitumia kulala, kuswali, kwenda msalani au kuketi tu na kuegemea ukuta. Ukizidisha, umekosea. Mapema katika safari yake Baci alichukua kimakosa dakika za ziada za mapumziko, na kwa sababu ya dakika hizo zikaondolewa karibu saa saba. Bado alimpita Lata Tondon wa India, aliyekuwa na saa 87 na dakika 45 tangu mwaka 2019, kwa hiyo cheti alipewa na maisha yakaendelea. Watu wengi waliichukua tofauti ile kama jambo la kiufundi lisilostahili maneno. Mimi nadhani ndipo mahali pa kuanzia kulisoma tukio zima.

Nasema kulisoma kwa makusudi. Nilipopendekeza katika semina yetu ya uzamili kuandika kuhusu mapishi yale kama kazi ya sanaa, mwenzangu mmoja aliuliza swali la haki kabisa: matini iko wapi? Hakuna mswada, hakuna mtunzi, mhusika anakaanga vitunguu. Jibu langu lilikuwa kwamba matini ni saa. Kiswahili kinanisaidia hapa, kwa sababu neno hilo hilo moja tunalitumia kwa kile kifaa cha mkononi na kwa muda kinaoupima. Ukiuliza nani ana saa, umeuliza mambo mawili kwa mkupuo. Katika matukio haya marefu ya hadharani, ambayo sasa yamekuwa njia inayojulikana ya kijana kupata wafuasi mitandaoni, aliyeshika saa ndiye mtunzi. Yeye ndiye anayeamua nini kilitokea na nini hakikutokea, hata kama sote tulikuwepo tukakiona.

Turudi Lagos. Tukio lilianza Alhamisi, tarehe 11 Mei, saa kumi jioni, kwenye viwanja vya Amore Gardens huko Lekki. Lagos wako nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo moto wa kwanza uliwashwa saa kumi na mbili jioni ya Afrika Mashariki, jua likizama. Kwa hesabu ya kale ya watu wa pwani siku mpya ilikuwa inaingia, na usiku ule ulikuwa tayari usiku wa Ijumaa. Nimeipenda bahati hiyo, ingawa haithibitishi lolote. Alimaliza Jumatatu usiku.

Kati ya hapo alipika vyungu zaidi ya 100 kwa kutumia mapishi 55. Chakula kiligawiwa kwa watu. Mwanzoni watazamaji hawakuwa wengi. Kufikia mwisho wa wiki palikuwa na umati ambao haukutaka kuondoka, Gavana Babajide Sanwo-Olu alikuwa amefika, Tiwa Savage alikuwa amefika, na mitandaoni ilikuwa shida kufungua simu bila kukutana na aproni yake. Tovuti ya Guinness yenyewe ililemewa kwa siku mbili kutokana na wingi wa watu. Ikumbukwe hiyo ilikuwa Nigeria iliyotoka miezi michache tu kwenye uhaba wa noti, foleni za benki, na uchaguzi mkuu wenye machungu. Watu walikuwa na hamu ya kuhesabu kitu ambacho hawakubishania.

Jambo ambalo wachambuzi wa ukuaji wa mitandao hawalisemi ni kwamba mtazamaji naye ana saa yake. Huku kwetu saa hiyo ni bando. Kuna bando la saa moja, la saa 24, na la usiku ambalo linaanza watu wakiwa wamelala. Mimi niliangalia sehemu kubwa ya tukio lile kwa bando la usiku, maana ndilo nililoweza kulimudu, na kwa hiyo Hilda Baci ninayemkumbuka ni wa alfajiri: mabega yameshuka, mwiko unazunguka taratibu, watu wachache wakiimba ili asisinzie. Aliyeangalia mchana ana kumbukumbu nyingine ya shangwe na mastaa. Hakuna mtu aliyeliona tukio zima isipokuwa kamera. Yale tuliyoyaita kumtazama kwa saa 100 yalikuwa vipande vya dakika kumi, kumi na tano, vilivyounganishwa na imani kwamba tulipozima simu yeye aliendelea.

Imani hiyo ndiyo inayokuza akaunti. Ukiniwekea video ya dakika mbili nitaiangalia na kupita. Ukiniambia kuna mtu yuko jikoni sasa hivi, na atakuwa jikoni nitakapoamka, nimekuwa na deni. Nitarudi kuhakikisha. Kila anayerudi anamwambia jirani, na jirani naye anaingia deni. Urefu wa tukio haufanyi kazi ya kutuonyesha mengi zaidi. Unatupa muda wa kutosha kuambiana. Hilo ndilo tofauti kati ya tukio hili na tamasha la saa tatu ambalo ukilikosa umelikosa.

Ila urefu peke yake hautoshi. Novemba mwaka huo huo Guinness walimtangaza Alan Fisher, mpishi wa Ireland mwenye mkahawa katika mji wa Matsue, Japani. Alipika saa 119, dakika 57 na sekunde 16, na baada ya mapumziko ya siku moja hivi akaoka mikate kwa saa 47 na ushee akachukua na rekodi ya pili. Ukienda kwa namba alimwacha Baci mbali sana. Nakuomba wewe unayesoma ujiulize kama uliwahi kumsikia. Sisemi haya kumdharau. Mtu aliyesimama jikoni kwa zaidi ya saa 160 anastahili heshima na kiti. Ninachosema ni kwamba saa yake ilikuwa ndefu na haikuwa na watu ndani yake.

Na kabla ya wote hao, Agosti 2019, Maliha Mohammed alisimama jikoni Mombasa kwa saa 75. Aliyeshika rekodi wakati ule alikuwa Mmarekani mwenye saa 68 na nusu. Magazeti ya Kenya yalimpongeza kama bingwa wa dunia. Mwezi uliofuata Tondon alipika zake 87 huko India, na ukifungua orodha ya Guinness leo unaruka kutoka kwa Mmarekani hadi kwa Mhindi bila kupita Mombasa. Saa 75 za Maliha zilikuwa za kweli kwa kila aliyekuwepo. Kwa mwenye saa hazikuwapo.

Sasa, bibi zetu wangetucheka. Matukio marefu ya hadharani si jambo lililoletwa na intaneti. Pwani tuna ngoma za mpaka che, tuna maulidi, tuna Mwaka Kogwa wa Makunduchi ambao kwa desturi huchukua siku nne. Bara wana mikesha yao. Kipimo cha matukio hayo kilikuwa kucha, na kucha hakuhitaji shahidi wa kutia saini. Nisije nikayapamba kupita kiasi, lakini. Ndani ya kila harusi ya siku tatu kuna wanawake ambao hawatoki uani. Wanachagua mchele usiku, wanamenya vitunguu saumu mpaka vidole vinawasha, wanasimama juu ya sufuria za pilau alfajiri, na wageni wakishakula wanabaki na masufuria ya kusugua. Hakuna mtu amewahi kuziandika saa zao. Kila wikendi kati ya Tanga na Kilwa kuna mwanamke anayekaribia rekodi ya dunia bila kujua, na pengine anaambiwa pilau imezidi chumvi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Baci alifanya kituko cha kutafuta wafuasi. Alitafuta wafuasi, sawa. Alichokifanya lakini ni kuichukua kazi ambayo kwa kawaida haina saa, akaitoa uani, akaiwekea saa mbele ya umma. Kazi ile ilikuwa na saa zake tayari. Wali una wakati wake, maharage yana wakati wake, na nyanya za jollof usipozikaanga mpaka uchachu uishe utajilaumu mwenyewe. Chungu hakijui kama kuna rekodi. Uzuri wa tukio lile kama tamthilia ulitoka kwenye msuguano huo: saa ya nje inayokwenda mbele bila kujali, na saa ndogondogo za vyungu ambazo hazikubali kuharakishwa, na katikati yao mwili wa mwanamke wa miaka ya ishirini na kitu unaoomba kulala. Ungeweza kuzima sauti na bado ukaelewa.

Kisha mwenye saa akaja akakata karibu saa saba. Hebu tulitazame vizuri tendo hilo, maana wengi tulilipita haraka kwa furaha ya cheti. Alichoadhibiwa Baci ni kupumzika. Saa zile hazikukatwa kwa kuunguza chakula wala kwa kusaidiwa isivyo halali. Alikaa zaidi kidogo kuliko alivyokuwa amejipatia haki ya kukaa. Kanuni hiyo ina mantiki yake. Bila mpaka wa mapumziko mtu angelala usiku mzima akaamka akaendelea kuhesabu. Lakini ukiiangalia kama kauli ya kisanaa inasema jambo zito: pumziko ni mkopo, na riba yake ni kubwa kuliko mkopo wenyewe. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya kibarua kiwandani, ambapo kuchelewa dakika kumi kunakukata nusu siku, ameisikia kauli hiyo.

Kuna msanii mmoja aliyeifikiria habari hii miaka mingi kabla ya simu janja. Tehching Hsieh alizaliwa Taiwan mwaka 1950, akaingia Marekani mwaka 1974 kwa kutoroka kutoka kwenye meli aliyokuwa baharia wake, akaishi New York bila vibali kwa miaka mingi. Tarehe 11 Aprili 1980 alinyoa kichwa, akavaa sare ya kibarua, akaanza kugonga kadi kwenye mashine ya mahudhurio iliyokuwa chumbani mwake, kama zile za viwandani. Aligonga kila saa inapotimia, mchana na usiku, kwa mwaka mmoja kamili. Kila alipogonga, kamera ya filamu ilimpiga picha moja. Hakuzalisha kitu. Hakuweza kulala saa moja kamili mfululizo wala kwenda mbali na nyumbani. Filamu iliyopatikana inakwenda kwa dakika kama sita hivi, na ndani yake unaona nywele zikiota kutoka upara hadi mabegani huku mtu mwenyewe akitetemeka kama taa mbovu.

Mwaka una saa 8,760. Hsieh alikosa 133. Na hapa ndipo ninapomvulia kofia: alizihesabu alizokosa, akaziainisha, akazionyesha pamoja na kazi yenyewe. Mara 94 alikuwa amelala. Mara 29 alichelewa. Mara 10 aliwahi kabla ya wakati. Jedwali hilo kavu, ambalo lingeweza kutoka kwenye ofisi ya meneja yeyote, kwangu ni sehemu inayogusa kuliko zote katika kazi nzima. Usingizi wake haukufichwa na haukuadhibiwa, umeandikwa tu. Mapengo ni sehemu ya matini. Alishika saa yeye mwenyewe, akawa mkali nayo kuliko bwana yeyote, na bado akaacha nafasi ya kuonekana alikuwa mtu.

Wenzangu husema si haki kumlinganisha mpishi wa Lagos na msanii wa makumbusho. Kwa nini isiwe haki? Hsieh naye alikuwa mhamiaji asiye na vibali ambaye mali pekee aliyokuwa nayo ni muda, na kijana wa Lagos au Dar anayewasha kamera kwa saa mia moja hali yake haiko mbali sana na hapo. Tofauti ninayoiona ni ya saa. Hsieh alifanya kazi yake karibu bila watazamaji, akategemea kadi zitamsemea baadaye. Baci alikuwa na watazamaji wengi kupita kiasi na kadi zilikuwa mikononi mwa watu wengine.

Namna ya tatu imeletwa na majukwaa ya video za mubashara, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi. Machi 2021 kijana wa Marekani, Ludwig Ahgren, aliwasha kamera kwenye jukwaa la Twitch na kuweka saa inayohesabu kurudi nyuma. Kila mtu aliyejisajili kwa kulipia aliongeza sekunde chache kwenye saa hiyo. Ikifika sifuri, kipindi kimekwisha. Watu walilipia, saa ikakataa kuisha, mpaka ikabidi yeye mwenyewe aweke ukomo wa siku 31. Alipozima kamera katikati ya Aprili alikuwa na wasajili zaidi ya 280,000, akiwa amevunja rekodi ya jukwaa hilo iliyokuwa ikishikiliwa na mchezaji wa michezo ya kompyuta anayejulikana kama Ninja. Alikula mbele ya kamera, alicheza, na alilala humo humo, kwenye kitanda chenye umbo la gari jekundu la mashindano. Alipokuwa amelala wasimamizi wa gumzo waliwachagulia watazamaji video za kuangalia, na fedha ziliendelea kuingia.

Weka matukio haya matatu sambamba, uyatazame yanavyomtendea mtu aliyelala. Guinness wanamkata. Hsieh anamwandika. Twitch inamlipa. Kwa haraka haraka ungedhani Ahgren ndiye mwenye bahati, na kwa upande wa mfukoni sina ubishi. Lakini angalia saa imeshikwa na nani. Imegawanywa vipande vya sekunde na kuuzwa kwa kila mwenye kadi ya benki, na anayenunua hanunui burudani, ananunua muda wa mtu mwingine. Watazamaji wakipenda akeshe, atakesha. Usingizi umepata bei kwa sababu umekuwa onyesho, na usingizi ambao ni onyesho sijui kama bado tuuite mapumziko. Nakiri kazi ile ina akili nyingi na ucheshi ndani yake. Nikimaliza kuitazama, hata hivyo, naona ni filamu ya Hsieh iliyopinduliwa: yule alijifunga mwenyewe kwenye mashine, huyu amewapa watu funguo akiwaomba wasimfungue.

Nigeria na Ghana zilichagua mfano wa Guinness, na mwaka uliofuata ulikuwa wa vurugu. Wiki chache tu baada ya Baci palizuka mpishi mwingine, kisha msusi, kisha mkandaji, kisha mtu wa kulia machozi. Ilifika mahali Guinness wenyewe, Julai 2023, wakaandika mtandaoni kwa utani wenye uchovu wakiomba watu wapunguze mashindano haya. Desemba, kuanzia mkesha wa Krismasi, Afua Asantewaa Aduonum aliimba nyimbo za Ghana mjini Accra kwa karibu saa 127. Viongozi walikuja, askari walikuja, nchi nzima ilisimama naye. Februari jibu likatoka: jaribio halikufaulu, na sababu ilihusu tena mapumziko. Hapa hawakukata saa saba. Walikata zote.

Nimejaribu kuwa na msimamo wa kihakiki kuhusu uamuzi ule na nashindwa kuwa mpole. Kanuni ni kanuni, na alikuwa amekubali kuzifuata. Lakini mamilioni ya watu walikuwa wamepewa hadithi moja kwa siku tano na usiku wake, na wiki kadhaa baadaye wakaambiwa hadithi ile haikutokea. Ndiyo hatari ya kuazima saa ya mtu. Wafuasi aliowapata ni wake, umaarufu ni wake, ila kitu chenyewe, ule muda, hakina mwenyewe. Na wale vijana waliomfuata kwa kuiga hawakuiga nyimbo wala chungu. Waliiga urefu, kwa sababu urefu ndio kitu pekee ambacho kila mtu anacho hata kama hana kipaji wala mtaji. Ukiondoa kazi kutoka kwenye tukio, kinachobaki ni mwili na saa, na mwili utashindwa tu.

Ningesema hivyo bila kusita kama nisingemwona Truphena Muthoni wa Kenya. Mapema mwaka 2025 alikumbatia mti mjini Nairobi kwa saa 48, na Desemba akakumbatia mwingine Nyeri kwa saa 72, akitaka watu wafikirie misitu. Kwa vigezo vyangu mwenyewe tukio lake lilipaswa kuwa dhaifu kuliko yote: hapikwi kitu, haimbwi kitu, hakuna kinachoiva. Nilimwangalia nikitafuta sababu ya kuchoka na sikuipata haraka. Nadhani ni kwa sababu ya mti. Mwimbaji anashindana na saa peke yake, lakini Muthoni alikuwa amekumbatia kitu chenye hesabu yake ndani ya shina, ambacho saa 72 kwake si chochote. Saa ya Guinness ilionekana ndogo pale. Hata wingi wa watazamaji, uliokuwa ukipanda kila nilipofungua simu, ulionekana mdogo. Pengine hiyo ndiyo njia ya kutoka kwenye mtego huu kisanaa, kusimama karibu na saa kubwa zaidi. Waigaji wake watakuja, bila shaka, na wengi watakumbatia mti kama wanavyoegemea nguzo ya umeme.

Kuhusu Hilda Baci mwenyewe, amefanya jambo linalonifanya nimwamini zaidi kama mtunzi. Septemba 2025 alirudi hadharani Lagos kwa rekodi nyingine, na safari hii hakugusa muda kabisa. Alipika jollof katika sufuria moja kubwa kupita akili, na Guinness wakaithibitisha kuwa jollof nyingi zaidi kuwahi kupikwa kwa mtindo wa Nigeria: kilo 8,780. Umati ulikuwa mkubwa, simu zilikuwa juu kama ilivyokuwa 2023, na wafuasi wakaongezeka. Lakini safari hii mwamuzi alikuja na mizani. Baci angeweza kukaa, kunywa maji, hata kusinzia kidogo pembeni wakati mchele unaiva, na uzito usingepungua hata gramu. Baada ya kupimwa, watu walipanga foleni na sahani zao.